Sabuni ya Kufulia Mawe

Mama aliweka kikombe cha chai chini, akanyamaza, kisha akasema: "Miye siwezi kuuzisha kiwanja juu ya kitu sijue. Munielezee kwanza."

Mimi na mdogo wangu tukatazamana. Yeye yuko mwaka wa mwisho wa uhandisi wa petroli na anaandika tasnifu yake kwa Kifaransa. Mimi nasoma isimu ya lugha za Kiafrika, na likizo ile nilikuwa nimerudi nyumbani Kasindi na orodha ya istilahi za sayansi ambazo mwalimu wangu alitaka nizitafutie Kiswahili chake. Mtu angedhani kwamba watoto wawili wa namna hiyo, mmoja anajua jambo na mwingine anajua lugha, hawawezi kushindwa kumweleza mama yao kitu kimoja. Tulishindwa jioni nzima.

Kwanza niseme habari ya kiwanja. Mwaka 2021 tulikimbia kutoka upande wa Mutwanga, tukaacha kakao ikiwa imeiva mitini. Tulipofika Kasindi, mama alianza tena kwa alichokijua: kununua mawese kwa bidoni na kuyauza kwa chupa, na kuuza sabuni za miche, nyingine hapa kwetu na nyingine ng'ambo ya mto Lubiriha, soko la Mpondwe, upande wa Uganda. Kwa miaka mitatu aliweka akiba ya dola moja moja akanunua kiwanja cha mita kumi na tano kwa ishirini. Hakijajengwa. Kina mihogo tu na rundo la mawe ya msingi. Lakini kwa mtu aliyeacha shamba usiku akiwa na mtoto mgongoni, kiwanja chenye karatasi ni zaidi ya kiwanja.

Mdogo wangu alihitaji dola elfu moja na mia nne: karo iliyobaki, na wiki sita za kukaa kwenye maabara moja nje ya nchi yenye chombo cha kupima kitu ambacho tasnifu yake yote inasimama juu yake. Fedha hizo hazikuwapo mahali pengine popote ila kwenye lile rundo la mawe.

"Ni hivi, mama," alianza. "Nasoma namna ya kutumia tensioaktifu ili kupunguza tensio enterfasiale, halafu mafuta yaliyobaki katika rezavuari yatoke."

Mama akanigeukia. "Wewe unasomea luga. Amesema nini?"

Nilifurahi. Nilitoa orodha yangu. Vitabu vya fizikia vya Kiswahili huita ile nguvu inayokaza uso wa maji "mvutano wa uso". Basi nguvu iliyo pale mafuta na maji yanapokutana itakuwa "mvutano wa mpaka", na kitu kinachoipunguza ni "kipunguza mvutano wa mpaka". Nikamwambia mama hivyo, kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi.

Akaweka mkono kifuani. "Mvutano wa mpaka? Nani analeta tena mvutano hapa mpakani? Ndiyo maana leo magari yamesimama?"

Wasomaji wenzangu ambao hawajafika Kasindi wajue kwamba kwetu mpaka si neno la fizikia. Mpaka ndio mji. Malori ya petroli na dizeli yanayotoka pwani ya Kenya na kupita Uganda huingia Kongo kwa lango letu, na yakisimama siku mbili, vijana wanaouza mafuta kwa chupa barabarani, wale tunaowaita makadhafi, hupandisha bei hadi Butembo. Na "mvutano" tunalisikia redioni karibu kila asubuhi: mvutano kati ya serikali hii na ile, kati ya chama na chama. Ukiyaunganisha maneno hayo mawili mbele ya mwanamke anayevuka mpaka kila siku na sabuni kichwani, umemtangazia vita. Nilikuwa nimetoa istilahi isiyo na kosa la sarufi hata moja, na mama yangu alikuwa anafikiria aamke saa ngapi ili avuke kabla lango halijafungwa.

Usiku nililala nikiwaza. Nilikuwa nimeifikiria "mvutano" kama kiberiti cha kutolea tafsiri: neno la kigeni linaingia huku, la Kiswahili linatoka kule. Sikuwa nimelisikiliza lenyewe. Ndani yake kuna kitenzi "vuta", na kuna kile kiambishi -an- ambacho tulifundishwa tangu mwaka wa kwanza: kutendana. Mvutano ni kuvutana. Asubuhi nilimwuliza mdogo wangu: "Hivi huko kwenye maji, kuna nani anayemvuta mwenzake?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali sahihi kwa mara ya kwanza. "Yaya, ndivyo ilivyo! Chembe za maji zinavutana zenyewe kwa zenyewe, kwa nguvu sana. Za mafuta nazo zinavutana, lakini kwa ulegevu. Chembe ya maji iliyo katikati ina wenzake pande zote. Iliyo mpakani upande mmoja ina wenzake, upande wa pili ina wageni. Kwa hiyo inavutwa ndani. Ndiyo maana mpaka unakaza, unataka uwe mdogo iwezekanavyo. Ndiyo maana tone la mafuta ndani ya maji ni la mviringo."

Kwa hiyo neno lilikuwa sahihi kuliko nilivyojua. Kiswahili kilikuwa kimeshasema kwa herufi mbili kile ambacho neno la Kilatini linaacha kusema: kwamba mkazo huo si wa kitu kimoja, ni wa wengi wanaovutana. Lakini usahihi huo ulinifaa mimi niliyekuwa nimeshaelezwa. Mama bado alikuwa hajaelezwa.

Tukaacha maneno, tukachukua chupa.

Mdogo wangu alikata chupa ya maji ya lita moja na nusu, akaigeuza mdomo chini, akaufunga kwa kitambaa. Tulichota mchanga mtoni, tukauosha, tukaukausha juani. Mama alitoa mawese kikombe kimoja akinung'unika juu ya bei. Tukauchanganya mchanga na mawese mpaka ukawa mwekundu wote, tukaujaza kwenye chupa, tukaining'iniza juu ya beseni.

"Huu mchanga ni jiwe la chini ya ardhi," alisema mdogo wangu. "Watu wanadhani mafuta yako chini kama ziwa ndani ya pango. Hapana. Yako ndani ya jiwe, katika vitundu vidogo kuliko jicho linavyoweza kuona, kama mawese ndani ya mchanga huu."

Kwanza tuliuacha. Yalidondoka matone machache, kisha yakakoma. Akaeleza kwamba hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya kisima: mafuta hupanda kwa shinikizo lake lenyewe, na shinikizo huisha. Kisha akamimina maji juu. Maji yalisukuma mawese kiasi, beseni likapata utando mwekundu, na baada ya muda yakawa yanatoka maji karibu meupe. Mchanga ulikuwa bado mwekundu.

"Yamepata njia yao," alisema mama. Anajua maji. "Yanapita pembeni, mawese yanabaki."

"Ndivyo. Hii ni hatua ya pili, kusukuma kwa maji. Ukiendelea kumimina hata wiki nzima, yatatoka maji tu. Kwenye visima vingi, hapa ndipo wanapoachia, na mara nyingi zaidi ya nusu ya mafuta imebaki chini."

"Kwa nini yanabaki?"

Hapo ndipo pale tulipokuwa tumeshindwa jana yake. Safari hii mdogo wangu hakutaja tensio yoyote. Alisema kila tone la mafuta limenasa kwenye tundu lenye mlango mwembamba kuliko tone lenyewe. Ili lipite lazima lijinyooshe, na lina ngozi iliyokaza, haitaki kunyooka. Maji yanalisukuma mgongoni, lakini nguvu ya maji ni ndogo kuliko ukaidi wa ile ngozi. Ngozi hiyo ndiyo ule mvutano wa mpakani.

Mama alikuwa ameshafika. Alinyanyuka bila kuagizwa, akachukua mche wa sabuni, akausugua ndani ya sufuria ya maji ya uvuguvugu, akaumimina ule mchuzi wa sabuni juu ya mchanga. Yaliyotoka chini hayakuwa tena maji meupe. Yalikuwa ya rangi ya machungwa, mazito, na mchanga ukaanza kurudi rangi yake kuanzia juu kushuka.

"Basi ni sabuni," alisema. "Miaka mitano yote mu universite, kumbe ni sabuni ya kufulia mawe."

Mdogo wangu alitaka kukataa. Nilimkanyaga mguu.

Nataka kukaa kidogo kwenye neno hilo, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike makala haya. Sabuni ya kufulia mawe. Kiisimu ni kirai cha kawaida kabisa: nomino, kihusishi, kitenzi cha kutendea kilichogeuzwa jina, na nomino nyingine. Ile -li- ya "kufulia" inakuambia kwamba sabuni ni ala, si lengo. "Mawe" inakuambia mafuta yako wapi. "Kufua" kunakuambia kwamba kazi yenyewe ni kutenganisha kitu na kitu kilichokishika. Neno "sabuni" lenyewe limesafiri kutoka Kilatini kupitia Kiarabu hadi kwetu, na hakuna nyumba ya Mswahili au ya Mnande ambamo ni geni. Istilahi yangu ya jana yake ilitaja athari tu: inapunguza. Ya mama ilitaja kifaa, mahali na kazi.

Pia ni kweli kikemia, si mfano tu. Chembe ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Nilipomwambia mama hivyo alicheka: "Sawa deklarani." Madeklarani ni wale wanaoshughulikia karatasi za forodha pale langoni. Deklarani mzuri wa Kasindi anaongea Kifaransa na maofisa wa huku, Kiingereza na wa kule, Kinande na mama zetu na Kikonzo na mama zao, ambazo kwa kweli ni lugha mbili zinazosikilizana vizuri sana. Anasimama pale pale mpakani, mguu huku na mguu kule, na mzigo unapita. Chembe za sabuni hujipanga hivyo hivyo, vichwa majini, mikia ndani ya mafuta, na chembe za mpakani hazina tena wageni wa kuwakimbia. Ngozi inalegea. Tone linanyooka, linapita mlango wake.

Na ipo namna ambayo sabuni hutengenezwa kule kule chini. Baadhi ya mafuta ghafi yana asidi ndani yake. Ukiingiza maji yenye magadi au soda, asidi na soda hukutana ndani ya jiwe na kuwa sabuni. Mama alilipokea hilo bila mshangao, kwa kuwa bibi yetu alikuwa akipika sabuni kwa mawese na maji ya majivu ya maganda ya ndizi. Huko Daqing, kwenye uwanja mkubwa wa mafuta wa China uliogunduliwa mwaka 1959, wameingiza soda, sabuni na polima kwa pamoja kwa kiwango kikubwa. Polima ni ya kuyafanya maji yawe mazito kama uji mwepesi, ili yasikimbilie njia ya pembeni kama yalivyokimbia kwenye chupa yetu.

Baada ya chakula, mdogo wangu alisahihisha alichokuwa ametaka kusahihisha. Sabuni ya mche haitoshi. Mvutano kati ya maji na mafuta ghafi ni kama milinyutoni 20 hadi 30 kwa kila mita. Ili matone yaliyonasa yaachie, haitoshi kuupunguza nusu, wala hata mara mia. Unatakiwa ushuke hadi kama 0.001, yaani mara elfu kumi na zaidi. Hapo ndipo nguvu ya maji yanayosukuma inapoushinda ukaidi wa ngozi. Kupata mchanganyiko unaofika huko, kwa mafuta haya, chumvi hii na joto hili, ndiyo elimu yenyewe, na kila uwanja una mchanganyiko wake. Kile chombo cha maabara huzungusha tone la mafuta ndani ya kimrija kwa kasi kubwa mpaka lirefuke, na kwa urefu na unene wake unahesabu mvutano. Wiki sita zake zilikuwa za kutazama tone likirefuka.

"Na hayo mafuta ni ya wapi?" aliuliza mama. "Ya kwetu ao ya Uganda?"

Swali hilo kwetu lina historia. Ziwa Edward liko karibu nasi. Mwaka 2014 kampuni ya Uingereza iitwayo SOCO ilifanya uchunguzi wa mitetemo kwenye ziwa hilo, ndani ya Hifadhi ya Virunga, na baada ya kelele za dunia nzima ikaondoka. Mwaka 2022 serikali ya Kongo ilitangaza mnada wa vitalu 27 vya mafuta nchini. Oktoba 2024 mnada ukafutwa. Kwa hiyo upande wetu mafuta ni habari inayokuja na kuondoka. Upande wa pili si habari tena. Kando ya Ziwa Albert, Uganda ilithibitisha mwaka 2006 kwamba ina mafuta ya kuuzwa. Leo kuna mradi wa Tilenga unaoendeshwa na TotalEnergies, na wa Kingfisher unaoendeshwa na CNOOC ya China, na bomba la kilomita 1,443 la kupeleka mafuta hadi Chongoleani, karibu na Tanga. Bomba hilo linapashwa joto njia nzima kwa kuwa mafuta hayo yana nta nyingi na huganda yakipoa. Mama alielewa papo hapo: mawese yanayomiminika Kasindi, ukiyapandisha Butembo kwenye baridi, yanaganda ndani ya bidoni.

Mdogo wangu alimpa tarakimu mbili. Serikali ya Uganda inakadiria kuwa chini kuna mapipa bilioni 6.5. Yanayohesabiwa kuwa yanaweza kutolewa ni bilioni 1.4.

Mama hupiga hesabu za bidoni kwa vidole kila siku. "Katika bidoni tano, wanatoa moja na kidogo. Ingine inabaki mu mawe."

"Ndiyo, mama."

"Halafu wewe unataka kujua namna ya kutoa ya pili."

"Ndiyo, mama. Hata nusu ya ya pili."

Hakuna aliyewahi kufupisha tasnifu ile vizuri hivyo, na nimeuona ukurasa wake wa muhtasari.

Nilidhani tumemaliza. Lakini mama, akishakuwa na neno lake, alianza kulifanyia kazi. Maswali yake yalitoka ndani ya neno "sabuni", moja baada ya jingine, kama vile mtu anavyovuta kamba ya kisima.

La kwanza: "Na maji ya chumvi?" Zamani alikuwa akinunua chumvi ya Katwe, kwenye lile ziwa la chumvi upande wa Uganda, na anakumbuka kwamba huko ukinawa kwa sabuni haitoi povu. Mdogo wangu akashika kichwa. Ndiyo, hilo ndilo tatizo kubwa la fani yake. Maji yaliyo ndani ya mawe mara nyingi ni ya chumvi, na chumvi huharibu sabuni nyingi au huifanya ijitenge. Sura nzima ya tasnifu yake inahusu chumvi.

La pili: "Nguo chafu inakunywa sabuni. Mawe hayatakunywa?" Yatakunywa. Sabuni hujibandika kwenye kuta za vitundu, hasa penye udongo wa mfinyanzi, na kiasi kinachopotea hivyo ndicho kinachoamua mara nyingi kama kazi italipa gharama yake. Sabuni hizo ni ghali, na bei ya mafuta ikishuka zinaachwa rafuni.

La tatu alilisema huku akilitazama beseni letu, ambalo lilikuwa bado na ule uji wa rangi ya machungwa. "Na haya, utayatenganisha namna gani?"

Tulikuwa tumeliacha tangu mchana, nalo lilikuwa halijatengana. Mdogo wangu alikiri kwamba hilo nalo ni tatizo linalojulikana. Kile kilichowapatanisha maji na mafuta chini kinafanya wakatae kuachana wakishafika juu. Inabidi kutumia joto, na dawa nyingine za kuvunja mapatano hayo.

La nne: "Halafu maji yenye sabuni yanaenda wapi?"

Mdogo wangu alisema: yanasafishwa, yanarudishwa chini.

"Yote?"

Hakujibu haraka. Alisema hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Mama akasema kwamba akimwaga maji ya kufulia kwenye mfereji wa jirani, jirani anakuja mlangoni. Akauliza jirani wa visima ni nani. Nikamwambia ni Ziwa Albert, maana maji ya kusukumia mafuta ya Tilenga yamepangwa kuchotwa humo. Na maji ya Ziwa Albert, sehemu yake yanatoka kwetu: mto Semliki unatoka Ziwa Edward pale Ishango, unapita kaskazini, unaingia Albert. Wavuvi wa pande zote mbili wanakula kutoka ziwa hilo moja. Nilikuwa nimeusoma mto huo kwenye ramani tangu shule ya msingi, na sikuwa nimewahi kuufikiria kama mfereji wa jirani.

Niseme wazi ili nisieleweke vibaya. Ninaloeleza la sabuni ni la hatua ya tatu, na kando ya Ziwa Albert hata tarehe ya mafuta ya kwanza imesogezwa mara kadhaa. Mama alikuwa anauliza habari ya kitu cha miaka mingi ijayo. Lakini huo ndio wakati wa kuuliza.

Niliporudi chuoni niliipeleka istilahi ya mama kwa mwalimu wangu pamoja na orodha yangu. Alitabasamu, akasema ni nzuri kwa hadithi, lakini istilahi lazima iwe fupi na isichanganye. Kuna aina za vitu hivi ambazo kikemia si sabuni, na kuna matumizi yake yasiyo na jiwe wala kufua, kwenye rangi, dawa za kunyunyizia mashamba, hata chakula. Ana haki. Kwenye kamusi nitaandika "safaktanti" na "mvutano wa mpaka", na katika maelezo nitaeleza ile -an- inafanya nini.

Ila sikubaliani naye kwamba kazi inaishia hapo. Nimesikia wenyewe, kwenye mikutano ya vijijini na redioni, jinsi vitu hivi vinavyotafsiriwa watu wakiwapo: vyote vinaitwa "dawa". Dawa ya kisima, dawa ya bomba, dawa ya maji. Ni Kiswahili safi, kila mtu anakijua, na kinafunga mlango. Dawa haiulizwi. Dawa huandikwa na daktari, wewe unakunywa. Mtafsiri aliyesema "dawa" hakudanganya, na mwanakijiji aliyeitikia kwa kichwa hakudanganya, na hakuna kilichopita mpakani.

"Safaktanti" nalo halifungui mlango kwa mtu kama mama, linampitia tu. Lakini sabuni anaijua hadi mwisho wake. Anajua inaharibiwa na nini, inapotelea wapi, inagharimu kiasi gani, na maji yake yakimwagwa ovyo nani atakuja kugonga. Tunapochagua neno tunampa mtu maswali au tunamnyang'anya. Sikufundishwa hivyo katika somo la istilahi, ambako tulipima neno kwa ufupi, kwa sauti na kwa kuunda manyambuliko. Sasa nimejiongezea kipimo cha nne: je, aliyelisikia anaweza kuuliza swali linalofuata?

Mama hakuuza kiwanja chote. Alikikata katikati, akauza nusu iliyo karibu na barabara, ambayo bei yake ilikuwa nzuri zaidi, na mawe ya msingi akayahamishia nusu iliyobaki. Fedha alizihesabu mbele yetu wote wawili, nyingine dola, nyingine shilingi za Uganda. Akampa mdogo wangu, akamwambia aende akatazame matone yake, ila lile swali la nne arudi nalo likiwa na jibu.

Amesharudi. Tasnifu imeongezeka sura moja fupi ambayo msimamizi wake hakuiomba, juu ya maji yanayotoka na mafuta na namna ya kuyasafisha. Kichwa chake ni cha Kifaransa, kirefu. Nyumbani tunaiita sura ya mama. Anasema jibu bado ni nusu, na mama amemwambia kiwanja nacho ni nusu, kwa hiyo wanadaiana.